Duka liko mbali, tufanyeje?

Swali: Tunaishi Kibada, Kigamboni. Nyumba ni nzuri, ila hata mkate unaufuata kwa bodaboda. Mtaa uliokwisha kujengwa unaweza kubadilishwa watu watembee?

Jibu: Unaweza. Tazameni Sinza, hapa hapa Dar es Salaam, iliyopimwa miaka ya 1970 kwa mradi wa Benki ya Dunia. Palikuwa makazi tu; leo nyumba nyingi za barabarani zina fremu za maduka mbele na wapangaji nyuma. Viwanja vidogo na barabara nyingi huweka wateja jirani, ndipo duka linalipa.

Kwenu, kwenye mradi wa viwanja 20,000 ulioanza 2002, maeneo ni makubwa na kuta ni ndefu. Kwa hiyo msianze na maduka, anzeni na njia. Duka lililo mita 300 nyuma ya ukuta wa jirani linaweza kuwa kilomita nzima ukizunguka, na jua hilo nani atatembea? Kichochoro cha mita mbili kati ya viwanja, chenye taa, kinabadili mengi, wenye viwanja wakiridhia.

Kisha ruhusuni nyumba za kupanga uani. Duka linataka watu. Fremu ziwe kwanza kwenye viwanja vya kona. Kubadili matumizi ya kiwanja kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007, basi pelekeni ombi moja la mtaa mzima manispaa, kupitia serikali ya mtaa. Baa nazo zitabisha hodi (Sinza wanajua!), hivyo andikeni masharti ya kelele mapema.