Unachezea Nchi Gani? Ruthu, Raga na Mto Ruvuma



Somo letu la leo linatoka kitabu cha Ruthu, lakini naomba mnivumilie nianzie mbali kidogo, kwenye raga. Najua huku kwetu Mtwara raga wengi hatuijui. Anayeijua kidogo anaijua kwa sababu ya Wakenya, ile ya wachezaji saba saba waliyobebea kombe la Singapore mwaka 2016. Hii ninayoisemea ni nyingine. Inaitwa raga ya ligi, kila upande watu 13, na Kombe lake la Dunia lilianza mwaka 1954 kule Ufaransa. Inapendwa sana kaskazini mwa Uingereza, Australia, New Zealand, Papua New Guinea na visiwa vya Pasifiki.

Sikuvutwa na mchezo wenyewe (bado sielewi kwa nini mtu anapasi mpira nyuma wakati anataka kwenda mbele). Nilivutwa na kanuni yao moja. Mchezaji anaweza kuichezea nchi aliyozaliwa, au nchi alikozaliwa mzazi wake, au hata alikozaliwa babu au bibi yake. Yaani kijana mmoja anaweza kuwa na nchi mbili tatu mkononi, na lazima achague jezi.

Mwaka 2017 Jason Taumalolo, mzaliwa wa Auckland ambaye alikuwa ameshaichezea New Zealand, aliamua muda mfupi tu kabla ya Kombe la Dunia kwamba safari hii anakwenda kuchezea Tonga, asili ya familia yake. Tonga, jamani! Visiwa vyenye watu kama laki moja. New Zealand kuna waliokasirika sana. Halafu tarehe 11 Novemba timu hizo mbili zikakutana Hamilton, ndani ya New Zealand yenyewe, na Tonga ikashinda 28 kwa 22. Miaka mitano baadaye ikawa zamu ya Samoa, kikosi kilichojaa vijana waliozaliwa Australia na New Zealand. Walifungua mashindano kwa kuchapwa na Uingereza 60 kwa 6. Nusu fainali wakakutana na Waingereza haohao, wakawatoa kwa pointi moja, 27 kwa 26. Fainali walifungwa na Australia, lakini nusu fainali ile hakuna Msamoa atakayeisahau.

Sasa fungua Biblia yako, Ruthu sura ya 1. Ruthu ni Mmoabu. Moabu na Israeli walikuwa majirani wenye kinyongo cha siku nyingi, kiasi kwamba Kumbukumbu la Torati sura ya 23 inamfungia Mmoabu mlango asiingie katika kusanyiko la Bwana. Mwanamke huyu, mjane, anakataa kumwacha mama mkwe wake Naomi, anavuka naye mpaka Bethlehemu, anaokota masuke shambani, mwishowe anaolewa na Boazi. Anamzaa Obedi. Obedi anamzaa Yese. Yese anamzaa Daudi.

Hesabu kwa kanuni ile ya raga. Yese, bibi yake mzaa baba ni Mmoabu. Angeweza kuichezea Moabu kihalali kabisa! Daudi ndiyo amekosa kwa kizazi kimoja.

Nacheka ninapoandika hivi, ila kuna sehemu ambayo hainichekeshi. Soma 1 Samweli 22:3-4. Daudi anamkimbia Sauli, maisha yake yako hatarini, na wazazi wake ni wazee. Anawapeleka wapi? Kwa mfalme wa Moabu. Anamwomba wakae huko mpaka ajue Mungu atamfanyia nini, na wakapokelewa. Mzee Yese akapata hifadhi katika nchi ya bibi yake. Ukitoka hapo nenda 2 Samweli 8:2. Daudi sasa ni mfalme, ana jeshi. Anawapiga Wamoabu, anawalaza chini mateka, anawapima kwa kamba: wa kamba mbili wanauawa, wa kamba moja wanaachwa hai. Nchi ileile iliyomhifadhi baba na mama yake.

Mimi ni wa Kitaya. Kwetu Ruvuma ndiyo mpaka, ng'ambo ni Msumbiji, jimbo la Cabo Delgado. Wamakonde wako pande zote mbili, na mto huo walikuwa wanauvuka kwa mtumbwi kabla Wajerumani na Wareno hawajachora ramani. Kwa mila yetu ukoo unafuata upande wa mama. Bibi yangu mzaa mama alizaliwa ng'ambo, kwa hiyo mjue mwenyewe ukoo wangu uko wapi.

Tarehe 3 Agosti 2014, siku ya Jumapili, Taifa Stars walicheza Maputo kutafuta nafasi ya kwenda Afcon. Dar tulikuwa tumetoka sare 2-2. Tukafungwa 2-1, tukatolewa, na miaka miwili kabla ya hapo walikuwa wametutoa haohao kwa penalti. Pale nyumbani redio ilipozimwa, kijana mmoja jirani akamgeukia bibi: "Haya, furahi basi, wenzako wameshinda." Watu wakacheka. Bibi naye alicheka, akaendelea kuchambua mboga. Mimi nilikuwa kidato cha pili na nilicheka pia.

Oktoba 2020 wapiganaji walivuka mto kutoka Cabo Delgado wakaishambulia Kitaya. Watu waliuawa, nyumba zilichomwa. Nilikuwa seminarini nikisoma falsafa, na simu za nyumbani hazipatikani. Baada ya hapo neno lile "wenzako" lilianza kutamkwa bila kicheko. Ukiwa na ndugu ng'ambo, watu wanakutazama mara mbili. Na hao ndugu wa ng'ambo, wengi wao walikuwa wanawakimbia wapiganaji walewale waliotuua sisi.

Mtakatifu Thoma wa Akwino ana fadhila anayoiita *pietas*, ipo katika Summa, sehemu ya pili ya pili, swali la 101. Anasema baada ya Mungu, tunawiwa deni na wazazi na nchi, kwa kuwa kwao tumezaliwa na kulelewa. Ni deni, kama ada ya shule ambayo huwezi kuimaliza. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba kuishangilia Stars mpaka sauti ikauke ni mambo ya dunia. Katekisimu namba 2239 nayo inaiweka huduma kwa nchi katika deni la shukrani na katika utaratibu wa mapendo. Lakini Thoma hapohapo anaongeza kwamba heshima kwa wazazi inawagusa pia ndugu wa damu, na heshima kwa nchi inawagusa pia wananchi wenzako na marafiki wa nchi yako. Na deni kwa bibi liko ndani ya fadhila hiyohiyo. Taumalolo alipovaa jezi ya Tonga hakuwa na ruhusa ya kuichukia Auckland, mahali alipozaliwa. Daudi alikuwa na haki ya kuwa mfalme wa Israeli na kuilinda, hilo silipingi. Nachouliza ni ile kamba: alipokuwa anapima, nani alikuwa anamkumbuka Ruthu?

Mathayo alimkumbuka. Sura ya 1 aya ya 5, kwenye ukoo wa Bwana wetu, jina lake lipo.

Kwenye jumuiya au kikao chenu cha VIWAWA wiki hii, someni Ruthu 1 na 2 Samweli 8 jioni moja, zifuatane, halafu kila mmoja ataje mtu mmoja anayeitwa "wenzako" mtaani kwake.

Afcon ya 2027 inaletwa kwetu, Kenya na Uganda. Msumbiji wakifuzu na tukapangwa nao, nitavaa jezi ya Stars na nitapiga kelele dakika zote 90. Bibi kiti chake nimeshakipanga, karibu kabisa na televisheni, maana macho yake siku hizi hayaoni mbali.