Karanga za Kuchemsha

Mwezi wa Februari mwaka 1858 Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika ukingoni mwa ziwa Tanganyika baada ya safari ya miezi saba na zaidi kutoka pwani ya bahari. Nchi waliyoifikia kwanza, kabla hawajaingia mtumbwini kwenda Ujiji, iliitwa Ukaranga. Nchi hiyo iko kusini ya Ujiji, ng'ambo ya mto Luiche. Burton alikuwa mtu wa kupenda lugha, akaandika katika kitabu chake ya kuwa maana ya jina hilo ni nchi ya karanga. Wenye elimu ya majina na wabishane wao kwa wao; sisi twajua ya kuwa karanga zingali zikilimwa katika nchi ya Kigoma, na ya kuwa mvua zikiisha mtoto wa Ujiji hakosi kuona chungu cha karanga jikoni mwa mtu.

Hata hivyo karanga si mzaliwa wa Afrika. Kwao ni Amerika ya Kusini. Watu wa huko walizilima maelfu ya miaka kabla ya merikebu za Ulaya kufika, kisha Wareno wakazichukua baharini baada ya mwaka 1500, zikaenea Afrika yote. Iliyo yetu tangu kale ni njugu mawe, ile ya mviringo na ngumu, ambayo aliyeipika ajua ya kuwa kuni zaweza kuisha kabla haijaiva. Labda ndiyo sababu karanga ilipokelewa vyema hivi: wapishi walikuwa wamekwisha kuijua kazi ya kuchemsha njugu, wakampata mgeni aivaye upesi zaidi.

Kabla hatujatia kitu chunguni, tuutazame mmea wenyewe. Maharagwe na kunde huzaa juu, kila mtu akiona. Karanga hufanya haya. Hutoa ua dogo la manjano juu ya ardhi, na ua hilo likinyauka, kikonyo chembamba hutoka pale palipokuwa na ua, huinama, hurefuka, hata ncha yake ikaingia udongoni. Humo gizani ndimo ganda linapoumbika na punje zikanenepa. Ndiyo sababu mkulima hupalilia karanga kwa uangalifu maua yakianza kutoka, kwani jembe la pupa hukata vikonyo, na kila kikonyo kilichokatwa ni ganda lililopotea. Ndiyo sababu tena karanga hupenda udongo mwepesi wenye mchanga.

Jambo hili la udongo si dogo. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza kulima karanga katika Tanganyika kwa matrekta, pale Kongwa, Urambo na Nachingwea, ikitumaini kufyeka eka zaidi ya milioni tatu ili Waingereza wapate mafuta ya kula, maana yalikuwa haba baada ya vita. Urambo ni katika njia ya reli itokayo Tabora kuja Kigoma. Huko Kongwa udongo ulikuwa wa mfinyanzi. Jua lilipouchoma ukawa mgumu kama tofali, mvua nazo hazikutosha, na mashine zikavunjika mapema. Mwezi wa Januari mwaka 1951 kazi ile iliachwa, na fedha zilizopotea zilipita paundi milioni 30. Kikonyo chembamba cha karanga hakikuweza kupenya mahali ambapo jembe la chuma lenyewe lilishindwa.

Haya, tuje jikoni. Karanga za kuchemsha ni za namna mbili: mbichi zilizong'olewa karibuni, na kavu zilizokwisha kuanikwa. Zilizo tamu kabisa ni mbichi. Katika nchi yetu ya Kigoma mvua huanza mwezi wa Oktoba au Novemba, na karanga iliyopandwa mapema huwa tayari baada ya miezi mitatu au minne. Ng'oa shina moja ulijaribu. Pasua ganda: ikiwa ndani yake kungali kweupe na punje ni ndogo zenye majimaji, ngoja kidogo, ikiwa ndani kumeanza kuwa na rangi ya kahawia na punje zimejaa, ng'oa.

Karanga mbichi huoshwa pamoja na maganda yake. Zitie katika beseni lenye maji, uzisugue kwa mikono yote miwili, umwage maji, utie mengine, hata maji yatoke meupe. Usione uvivu hapa. Udongo ulioshika maganda hautakaa nje. Maji yakichemka utaingia ndani pamoja nayo, nawe utakula mchanga.

Sasa chumvi. Watu wa Ujiji hawakuhitaji kuitafuta mbali, kwa kuwa mashariki yao iko Uvinza, penye chemchemi za maji ya chumvi karibu na mto Malagarasi. Wataalamu waliochimba hapo waliona vigae na majivu vya watu waliopika chumvi zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Maji ya chemchemi yalichemshwa vyunguni hata yakakauka, chumvi ikabaki chini. Ilifungwa, ikapelekwa Ujiji na kuvushwa ziwa hata Kongo, na wafanya biashara waliitumia kununulia vitu vingine. Kumbuka jambo hili la vyungu vya Uvinza, maana tutalihitaji sasa hivi.

Tia karanga katika sufuria kubwa, umimine maji yazifunike na kuzidi upana wa vidole vinne. Kwa kila lita moja ya maji tia vijiko viwili vya chakula vya chumvi. Mpishi wa mara ya kwanza ataona ni nyingi, lakini nyingi yake itabaki majini na katika maganda. Karanga zitaelea. Weka sahani juu yake na jiwe safi lililooshwa, zisipande juu, kisha ufunike. Maji yakichemka punguza kuni, yachemke polepole.

Kila mara utazame kama maji yamepungua. Hapa ndipo tunaporudi Uvinza. Mvuke utokao ni maji matupu. Chumvi haitoki nao. Kwa hiyo kadiri maji yanavyopungua, ndivyo yaliyobaki yanavyozidi kuwa makali, na mpishi aliyesahau sufuria yake amekuwa mpika chumvi bila kutaka. Ongeza maji ya moto, si ya baridi, kusudi chungu kisiache kuchemka.

Karanga mbichi huiva kwa muda wa saa moja hivi, au saa moja na nusu zikiwa zimekomaa sana. Usitegemee saa peke yake. Toa moja, uipoze, uipasue: punje ikibonyea kwa vidole kama haragwe lililoiva, imekuwa tayari. Sasa, jambo ambalo wengi hulikosea. Watu huipua chungu na kumwaga maji mara moja, kisha hulalamika ya kuwa karanga hazina ladha. Ipua, lakini uziache humo humo majini kwa muda wa nusu saa au saa nzima. Zinapopoa huvuta maji ya chumvi ndani ya ganda. Utaona pia zile zilizokuwa zikielea zimezama. Zilielea kwa sababu ya hewa iliyokuwa ndani ya ganda. Maji yakiisha kuingia mahali pa hewa, huzama.

Karanga kavu zina kazi zaidi. Ziloweke usiku kucha pamoja na maganda yake, na asubuhi mwaga maji yale. Kisha zichemshe kama tulivyosema, lakini kwa saa tatu au nne. Aliye na kuni chache na azimenye kwanza, maana punje tupu huiva upesi zaidi, ingawa kwa maoni yangu utamu wake si ule.

Tena karanga kavu zina hatari yake, nayo inatudai tukae kidogo. Mvulana mmoja wa Ujiji alipewa na bibi yake ungo wa karanga kavu azichague. Jirani alikuwa ameagiza vibaba viwili, na fedha alikwisha kulipa. Mvulana alichagua vizuri mwanzo: zilizojikunja akazitenga, zenye vumbi la kijani akazitenga, na zilizotobolewa na wadudu vile vile. Alipopima akaona zilizobaki ni kibaba kimoja tu. Akatazama huku na huku, akachukua konzi mbili tatu za zile mbovu, akazirudisha na kuzichanganya, hata kibaba cha pili kikajaa.

“Shikamoo, bibi. Nimekwisha.”

“Marahaba, mume wangu. Lete nione.”

Bibi hakutazama juu juu. Aliingiza mkono chini kabisa ya ungo, akatoa ganda moja, akalipasua. Punje ilikuwa nyeusi upande mmoja, na ukungu wa kijani upande wa pili.

“Hii hukuiona?”

“Niliiona, bibi. Nilidhani moto utaiua.”

“Moto huua mdudu, mume wangu. Uchungu wa karanga hii hauna uhai wa kuuawa.”

Mvulana akaona haya. “Basi niwape kuku?”

“Na kuku tutamla nani?”

Karanga mbovu zikafukiwa shimoni. Kibaba kimoja kilipikwa, na mvulana mwenyewe akatumwa kwa jirani kupeleka nusu ya fedha na kueleza kwa kinywa chake sababu ya upungufu. Bibi angeweza kwenda yeye. Hakwenda.

Bibi yule alisema kweli, na wataalamu wameyathibitisha maneno yake. Mwaka 1960 katika Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa katika miezi michache, na hakuna aliyejua ugonjwa wao. Walipochunguza chakula chao waliona kilikuwa na unga wa karanga zilizoota kuvu, na kuvu hiyo ilikuwa imetoa sumu. Sumu hiyo sasa huitwa sumukuvu. Haiondoki kwa kuchemsha wala kwa kukaanga. Akiila mtu kidogo kidogo kwa miaka mingi, huharibu ini, na yaweza kuleta saratani ya ini. Akiila nyingi kwa mara moja, yaweza kumwua. Si karanga tu zinazoipata. Mwaka 2004 watu 317 waliugua mashariki ya Kenya kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na 125 kati yao wakafa.

Basi kuchagua ndiyo kazi ya kwanza. Tupa iliyojikunja, iliyobadilika rangi, iliyovunjwa na jembe, iliyotobolewa na wadudu, na hasa yenye ukungu. Lakini jicho halioni yote, kwani punje yaweza kuwa na sumu kabla haijaonyesha ukungu. Kwa hiyo kinga kubwa zaidi ni kuzikausha karanga upesi baada ya kuzing'oa. Zianike juu ya jamvi au kichanja, si juu ya udongo mtupu. Ziingize ndani mvua ikitisha. Na ukitikisa ganda usikie punje zikigonga ndani, ujue zimekauka. Gunia likae juu ya mbao, mbali na ukuta, mahali papitapo hewa. Karanga mbichi iliyong'olewa asubuhi na kupikwa jioni haijapata nafasi ya kuota kuvu ghalani, na hii ni sababu nyingine ya kuipenda.

Kuna kosa moja zaidi, nalo hufanyika wakati kazi imekwisha. Karanga zimeiva, ni za moto, watoto wana haraka. Mmoja huchota maji ya ziwa na kuzimwagia zipoe. Moto ulikuwa umeua vijidudu vyote, naye ameviita tena. Mwezi wa Mei mwaka 2015 wakimbizi wengi kutoka Burundi walikusanyika Kagunga, kijiji kilicho ukingoni mwa ziwa kaskazini ya Kigoma, kukazuka kipindupindu, na katika majuma machache maelfu ya watu wakaugua. Maji ya ziwa ni mazuri kwa macho, lakini macho hayaoni vijidudu. Zichuje karanga katika kikapu safi, zipoe kwa upepo. Mwenye kuuza na asizishike kwa mkono aliopokelea fedha. Achote kwa kikombe.

Karanga za namna hii hazikai kama zile za kukaanga. Zimejaa maji, na katika joto la Ujiji huanza kuharibika siku ya pili. Ukiziona zinateleza, au zina harufu ya uchachu, zimwage. Kwa sababu hiyo pika zinazotosha siku moja. Punje iliyokaushwa karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, na robo hivi ni protini, yaani chakula cha kujenga mwili. Kwa hiyo konzi mbili za karanga kwa mtoto arudiye kutoka shule si mchezo, ni chakula hasa. Mtoto mdogo asiyejua kutafuna apondewe, maana punje nzima yaweza kumkaba.

Maganda matupu usiyatupe njiani. Yakisha kukauka huwasha moto vizuri. Na shambani, majani na mizizi ya karanga viachwe vioze humo humo: ukiutazama mzizi utaona vinundu vidogo, na ndani ya vinundu hivyo vimo vijidudu vya kheri vinavyochukua naitrojeni ya hewa na kuilisha mimea. Mahindi yapandwayo mahali hapo msimu ujao huwa na majani ya kijani zaidi kuliko ya shamba la jirani, na jirani huuliza ni samadi gani uliyotia.