Shujaa wako amjue zimwi kiasi gani?

Swali: Ninaendesha mchezo wa Dungeons & Dragons. Kila nikileta zimwi aitwaye troli, wachezaji hukimbilia mienge, ilhali wahusika wao hawajawahi kumwona. Niwakataze?

Jibu: Usiwakataze. Mchezo huu ulitoka mwaka 1974, na siri ya troli imeshazeeka. Kwa kanuni za 2014, troli hurudishiwa pointi 10 za uhai kila zamu yake inapoanza, isipokuwa akiunguzwa kwa moto au tindikali. Kumlazimisha mchezaji apige panga bure huku akijifanya hajui ni kumchosha tu.

Badala yake, jiulize mhusika amekulia wapi. Mtoto wa kijiji kinachopakana na bwawa la matroli ameshasikia habari za moto kwa bibi yake. Aliyekulia mjini huenda hajui, basi arushe dadu ya pande 20. Kanuni za 2024 zinasema wazi ni ujuzi gani utumike: historia kwa majitu, akiwemo troli; dini kwa wafu wanaotembea; maumbile kwa majoka. Akifaulu, mpe jambo moja la kumfaa vitani, si ukurasa mzima. Akikosa, mpe uvumi wenye ukweli nusu.

Ukitaka kuwashangaza, mbadilishe mnyama mwenyewe: troli wako adhurike kwa chumvi, moto usimfanye kitu. Lakini tangulize dalili, kwa mfano mstari wa chumvi kwenye kila kizingiti cha kijiji. Asiyeuona, shauri yake.