Kufanya Kazi Ukiwa Nyumbani: Saa za Mwajiri na Saa za Swala



Sifa njema zote ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), watu wake na masahaba zake.

Ndugu zangu katika imani, hapa Kigali wanafunzi wengi siku hizi wanafanya kazi za kompyuta kutoka chumbani. Kuna wanaojibu wateja wa kampuni za nje, wengine wanaandika maneno kutoka kwenye sauti zilizorekodiwa, wengine wanatafsiri au kufundisha watoto mtandaoni. Njia hii ilipanuka baada ya Machi 2020, vyuo na misikiti vilipofungwa na kila mtu akajifunza kukaa mbele ya skrini. Ni riziki, na hatuna sababu ya kuidharau. Lakini swali linalorudi kila tunapokaa baada ya darsa ni hili: mbona nashinda nyumbani siku nzima, na bado sipati muda wa kazi wala wa swala?

Mimi nilikuwa mmoja wa waulizaji. Nikiwa mwaka wa pili nilipata kazi ya kujibu ujumbe wa wateja, saa 4 kila jioni, malipo kwa saa. Haikupita muda mama akaanza kunituma dukani, kwa sababu "si uko tu hapa nyumbani?" Mdogo wangu akataka kusaidiwa hesabu. Jirani akaleta simu yake nimtazamie. Nikawa nawasha programu, taa ya kijani inaonyesha nipo kazini, kisha natoka. Nikirudi baada ya nusu saa najibu haraka haraka ujumbe uliorundikana. Hakuna aliyejua. Mwisho wa mwezi nililipwa saa zote, na nikazipokea.

Aliyenishtua ni ustadhi wetu alipokuwa akisomesha mlango wa ijara, yaani kuajiri na kuajiriwa. Wanazuoni wa fiqhi wamegawa waajiriwa makundi mawili. Wa kwanza ni ajiiri khaas, aliyeajiriwa na mtu mmoja kwa muda maalumu. Mfano wake ni mlinzi wa usiku. Mwizi asipokuja, mlinzi bado anastahili ujira wake, kwa sababu alichouza ni muda wake. Lakini akiondoka lindoni, hata kama hakuna kilichoibwa, amechukua ujira wa muda ambao hakuutoa. Wa pili ni ajiiri mushtarak, anayefanyia watu wengi kazi zao, kama fundi cherehani. Huyu anashona usiku au mchana apendavyo, anapumzika akitaka, na anastahili ujira nguo inapokamilika.

Mimi nilikuwa mlinzi nikiishi kama fundi cherehani. Suratul Mutaffifiin inaanza kwa onyo kali kwa wanaotaka kupimiwa kamili wakati wao wakiwapimia wengine pungufu, na sikuwahi kufikiri kwamba saa nayo ni kipimo. Nilikaa nikahesabu kwa makadirio, nikapata saa 11. Nilimwandikia msimamizi wangu kwamba kuna saa 11 nililipwa bila kuzifanya, nikamwomba azikate au anipe zamu za kuzifidia. Alichagua zamu. Sikulala vizuri usiku ule nikisubiri jibu lake, maana angeweza kunifukuza.

Kwa hiyo, dada yangu na kaka yangu, kabla ya kutafuta mbinu za kutumia muda vizuri, soma mkataba wako ujue wewe ni nani kati ya hao wawili. Ukilipwa kwa saa, kukaa tayari ukisubiri ujumbe ni kazi tosha, na kutoka ni kutoka, hata taa ikibaki kijani. Ukilipwa kwa ukurasa, hakuna anayekudai dakika, ila pia hakuna atakayekuamsha, na hapo ndipo wengi huangukia: siku inapita kwenye simu, kazi inafanywa usiku wa manane wa siku ya mwisho. Kwa fundi cherehani wa namna hii nashauri muda wa baada ya Alfajiri. Nyumba imelala, mtandao hauna msongamano, na Mtume (S.A.W.) aliuombea umma wake baraka katika asubuhi zao. Mpokezi wa hadithi hiyo, Sakhr al-Ghamidi (R.A.), alikuwa mfanyabiashara aliyekuwa akituma bidhaa zake mapema, na imepokewa kuwa alitajirika.

Na swala je, ni wizi wa muda wa mwajiri? Wanazuoni wengi wa Kishafii na Kihanbali wameeleza kuwa muda wa swala za faradhi pamoja na sunna zake za kawaida umetolewa ndani ya muda wa ajira, na ujira haupunguzwi kwa ajili yake. Lakini ikiwa mmekubaliana kulipana dakika kwa dakika na kuna programu inayohesabu, mimi naona usalama ni kuisimamisha hesabu unapokwenda kuswali. Dakika 10 hazitakufukarisha. Wallahu aalam.

Linalosumbua zaidi ni saa za nchi mbili kugongana. Sisi tuko karibu na ikweta, nyakati zetu za swala hazisogei sana mwaka mzima: hapa Kigali Adhuhuri iko karibu na saa sita mchana, Alasiri saa tisa na dakika kadhaa, Magharibi karibu na saa kumi na mbili. Saa za wenzetu ndizo husogezwa. Marekani hupeleka saa mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Anayeanza kazi saa tatu asubuhi ya New York, wakati wa baridi yao anaanza saa kumi jioni kwetu, ameshaswali Alasiri. Ikifika Machi zamu ileile inaanza saa tisa, na Alasiri inamkuta ameshakaa kwenye kiti. Magharibi inamkuta kazini mwaka mzima, nayo ndiyo yenye muda mfupi, kama saa moja na dakika chache hivi kabla ya Isha. Basi mapumziko ya zamu yaombwe hapo, yasiachwe yaangukie popote.

Zamu hiyo ikiwa ya saa 8 inakwisha saa sita usiku au saa tano. Alfajiri iko kabla ya saa kumi na moja. Mwenye kipindi cha darasani saa mbili asubuhi, nasema wazi, asiichukue zamu nzima, achukue nusu. Nimeona ndugu wanaoswali Alfajiri jua limechomoza wiki baada ya wiki, wakijipa moyo kuwa ni dharura. Dharura ya mwaka mzima ni mpango mbaya. Anayeweza alale kidogo kabla ya Adhuhuri, usingizi ule wa qailula.

Sasa turudi kwa mama. Katika Suratun Nuur, aya ya 58, waliomo ndani ya nyumba, wakiwemo watoto ambao hawajabaleghe, wamefundishwa kuomba ruhusa katika nyakati tatu: kabla ya Alfajiri, wakati wa joto la mchana na baada ya Isha. Aya inahusu sitara, si kompyuta. Lakini inatuonyesha kwamba hata ndani ya nyumba moja kuna nyakati za kupiga hodi. Upande wa pili, Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kuwa alikuwa akiwahudumia watu wake, na swala ikifika akitoka kwenda kuswali. Kwa hiyo mama kunituma dukani hakuwa ananikosea. Kosa lilikuwa langu, sikumwambia.

Nilikaa naye nikamweleza: saa hizi hadi saa hizi nimeshauza, zilizobaki ni zako. Sokoni naenda mapema kabla ya zamu. Nikitundika kitenge mlangoni, nipo kazini. Siku za kwanza alisahau. Sasa yeye ndiye anayegonga adhana ya Magharibi inaposikika, maana mimi na hedifoni zangu sisikii.

Limebaki la Ijumaa. Anayefanya kazi na New York hana udhuru, kwani tunaposwali hapa kule ni alfajiri. Anayefanya kazi na London yuko katika mtihani, kwa sababu muda wa swala yetu kwao ni katikati ya asubuhi, au karibu na adhuhuri wakati wa joto. Yasemwe kabla ya kutia saini. Ndugu mmoja aliandika hivi tu: "Kila Ijumaa sitakuwepo kwa saa moja na nusu mchana kwa ajili ya swala. Nitaanza kazi mapema siku hiyo ili kuufidia muda huo." Walimjibu siku hiyohiyo kuwa hakuna tatizo, wakamuuliza anaweza kuanza lini.