Kijiji cha Theluji na Msitu Wake

Somo letu la leo linatupeleka mbali, mpaka Uswisi. Hiyo ni nchi ya Ulaya yenye milima mirefu iitwayo Alpi. Huko kuna kijiji cha Andermatt. Kipo bondeni, lakini bonde lenyewe liko juu sana, zaidi ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Tutakitazama mara mbili, wakati wa baridi na wakati wa kiangazi.

Wakati wa baridi

Ikifika Desemba, kila kitu ni cheupe. Theluji ni maji yaliyoganda angani. Huanguka polepole kama pamba, ikajaa juu ya mapaa na njiani. Barabara zinazopita juu ya milima hufungwa. Watu husafiri kwa treni.

Basi wakati huo ndipo wageni wanapomiminika. Wanakuja kuteleza. Mtu hufunga miguuni vipande viwili virefu na vyembamba viitwavyo skii. Hupandishwa mlima Gemsstock, wenye karibu mita 3,000, ndani ya chumba kinachoning'inia kwenye waya. Kisha huteleza mpaka chini. Mchezo huu una gharama, si wa kila mtu, lakini wenyeji wengi wanapata kazi humo.

Lakini theluji hiyo hiyo inaua. Ikizidi mteremkoni hukatika, ikaporomoka kwa kishindo na kufunika nyumba na watu. Tarehe 20 Januari 1951 maporomoko yalikipiga kijiji hiki, watu 13 wakafa. Katika Uswisi nzima walikufa watu 98 majira hayo ya baridi.

Wakati wa kiangazi

Mwezi wa Juni theluji ya bondeni imekwisha. Ng'ombe wenye kengele shingoni hupelekwa malisho ya juu. Malisho mengi ni mali ya chama cha wenyeji wa bonde, siyo ya mtu mmoja. Maziwa hutengenezwa jibini. Wakulima nao wanakimbizana na jua: hukata majani, huyakausha na kuyaweka ghalani, maana baridi ikirudi ng'ombe watakaa zizini miezi mingi.

Kiangazi ndipo mgeni huuona vizuri ule msitu. Milima ya bonde hilo ina miti michache mno. Lakini juu tu ya nyumba za kijiji kuna msitu wenye umbo la pembe tatu. Kumbe haukubaki kwa bahati! Mwaka 1397 watu wa bonde waliandika sheria ya kukataza kuukata. Hebu fikirini: baridi kali, kuni hakuna, na miti ile pale nyuma ya nyumba. Wakaiacha, wakachoma vichaka.

Miti inasaidiaje? Poromoko kubwa likishaanza, miti peke yake haiwezi kulisimamisha. Kazi yake ni kulizuia lisianze. Matawi hupokea theluji na kuiangusha kidogo kidogo, na mashina huishika isiteleze. Mahali pasipo na miti wamejenga nyua za chuma, na tangu karne ya 19 wamekuwa wakipanda miti mingine.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini wakulima wa Andermatt hukausha majani?
2. Msitu unazuiaje theluji isiporomoke?
3. Kama mngekuwa kwenye kikao kile cha mwaka 1397, mngemjibu nini mtu aliyekosa kuni?