Mtoto Akipata Vidonda vya Mdomo kwa Dawa za Saratani

Dawa za saratani hushambulia chembe zinazozaliana haraka, zikiwemo zile za utando wa ndani ya mdomo. Ndiyo maana mtoto anayetibiwa saratani ya damu au uvimbe wa Burkitt kwa dawa kama methotreksati anaweza kuanza kulia akiona tu kikombe cha uji, mara nyingi siku 5 hadi 10 baada ya dozi. Mama asijilaumu. Kwa kawaida vidonda hupona ndani ya wiki 2 hadi 3, chembe nyeupe za damu zinapopanda.

Tuliza maumivu kwanza. Mtoto anayeumia hali wala hakubali kusafishwa. Pima joto, kisha mpe dawa aliyoandikiwa nusu saa kabla ya chakula. Parasetamoli isipotosha, mwambie daktari. Mofini ya maji hupewa hata watoto, kwa kipimo cha uzito. Usimpe aspirini wala ibuprofeni bila idhini ya daktari, kwani huzidisha kutokwa damu.

Safisha mdomo kila baada ya mlo na kabla ya kulala. Chemsha lita 1 ya maji, tia kijiko 1 cha chai cha chumvi, yaache yapoe. Asukutue, ateme. Asiyejua kutema, zungushia shashi safi kidoleni, ichovye, kisha pangusa taratibu ufizi, ndani ya mashavu na ulimi. Kesho tengeneza maji mapya. Mswaki uwe laini sana. Ufizi ukivuja damu, baki na shashi.

Mpe vyakula laini, vilivyopoa. Mtori, uji wa maziwa yaliyochemshwa, parachichi, ndizi mbivu iliyopondwa. Epuka limau, chungwa, pilipili na vikavu kama bisi. Mrija husaidia kinywaji kisiguse kidonda.

Usipake dawa ya GV (gentian violet), asali wala dawa ya kienyeji kabla ya kuuliza. Rangi ya zambarau ya GV humzuia daktari kuona kidonda, na yenyewe huweza kuchubua.

Nenda hospitali mara moja joto likifika nyuzi 38, hata usiku wa manane, kwani vidonda ni mlango wa vijidudu kuingia kwenye damu. Nenda pia akishindwa kunywa, akikojoa kidogo, au damu isipokoma. Ukiona utando mweupe, huenda ni fangasi; kuna dawa yake.

Usiruke dozi inayofuata ya dawa za saratani kwa uamuzi wako. Mweleze daktari jinsi mtoto alivyoumia. Yeye ndiye atakayepanga upya.