HAKI YA NYUKI KATIKA ASALI YAKE
Somo kwa wenye mizinga wa Pemba, unapoingia wakati wa mvua na baridi

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na Sahaba zake. Amma baad:

Katika Qur'ani iko Sura iliyoitwa kwa jina la nyuki, nayo ni Suratu-n-Nahl. Aya ya 68 na ya 69 zataja maskani yake, na utiifu wake kwa Mola wake, na kinywaji kitokacho tumboni mwake chenye ponya kwa watu. Wengi huzishika aya hizi kwa upande wa dawa tu. Wachache hukumbuka kwamba kiumbe huyu ana haki juu ya mtu amfugaye, na kwamba haki hiyo huzidi uzito zama asizoweza kutoka.

KHABARI YA NYUKI WA NCHI ZA BARIDI

Katika nchi za Ulaya, na Uturuki, na bara ya Sham, majani ya miti yanapoanza kupukutika, maua huisha, na nyuki hujiweka tayari. Mama wa nyuki hupunguza kutaga. Madume, ambao hawana kazi ya kutafuta chakula, hufukuzwa mzingani wakafa. Nyuki wazaliwao wakati huo huwa na mafuta zaidi mwilini, na huishi miezi kadha, na hali mwenziwe wa siku za maua huishi kiasi cha juma sita tu.

Baridi ikishika, wote hujikusanya bumba moja juu ya masega, mama yao akiwa kati, wakaitetemesha misuli ya mbawa zao pasipo kuruka, ili wapate joto. Kuni za moto huo ni asali. Asali ikisha, bumba zima hufa, hatta kama maua ya karibu. Kwa hivyo wafugaji wa huko huwaachia kilo 15 au 20 au zaidi katika mzinga mmoja, na huupunguza mlango ili upepo usiingie, na mwenye asali haba humpa maji ya sukari kabla ya baridi kufika.

WALIYOYANENA WANAVYUONI

Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277), alikaa Dameski, naye aliyajua majira hayo. Katika kitabu chake Rawdhatu-t-Talibin, penye mlango wa nafaqa za wanyama, ameeleza kwamba mwenye nyuki humwachia sehemu ya asali ndani ya mzinga. Na ikiwa asali imerinwa wakati wa baridi, na kutoka kumekuwa kuzito, basi ya kuachwa huwa nyingi zaidi. Na kikipatikana chakula kingine cha kukaa pahala pa asali, si lazima iwe asali. Na wenye kusherehesha baada yake wamebainisha kwamba jambo hili ni wajibu kwa kadiri ya haja ya nyuki, wala si ihsani ya mtu akipenda.

Mfano wake ni ng'ombe wa maziwa. Hakamwi maziwa ya kumdhuru ndama wake. Na mnyama aliyezoea kuchunga, malisho yakimtosha, hayo ndiyo nafaqa yake. Yasipomtosha, mwenyewe hana budi kumwongeza. Nyuki naye malisho yake ni maua. Yakiwapo, mwenye mzinga hana deni. Yakikosekana, deni li juu yake.

SUALI

Mtu wa Pemba aweza kusema: "Maneno hayo ni ya nchi za theluji. Huku theluji haijulikani, basi hukumu hiyo yatuhusu nini?"

JAWABU

Hukumu hufuata sababu yake. Sababu iliyotajwa si theluji, bali ni nyuki kutoweza kutoka, na haja yake ya chakula. Na sababu hiyo iko Pemba. Masika huanza Machi hatta Mei, na mvua hushinda siku nyingi mfululizo. Nyuki haruki katika mvua, na maua hukoshwa utamu wake. Kisha huingia kipupwe, Juni hatta Agosti, na pepo za kusi. Wala asidhani mtu kwamba wingi wa mikarafuu watosha, kwani karafuu huchumwa ingali tumba, kabla ya kuchanua. Nyuki hupata katika yale yaliyoachwa mtini tu.

Tena nyuki wa pwani hana tabia ya kungoja kama yule wa baridi. Akiona njaa, huhama. Huacha masega matupu, na majana yaliyobaki hufa. Mwenye mzinga husema, "Nyuki wangu wamerogwa," kumbe ni yeye aliyewanyang'anya chakula chao mvua ikiwa mlangoni.

YATAKIWAYO KUTENDWA

Kwanza, arinaye mvua inapokaribia asiguse masega yenye majana, na ayaache baadhi ya yale yaliyojaa asali. Akiwa na shaka ya kadiri, na aache zaidi.

Pili, mzinga ufunikwe makuti au bati, uinamishwe kidogo upande wa mlango ili maji yatoke, na mlango usielekezwe kusi.

Tatu, palipo na njaa, awape maji ya sukari katika chombo chenye vijiti, wasizame. Lakini asiuze kitokacho humo kwa jina la asali safi, kwani hiyo ni ghushi, na Mtume (s.a.w.) amejitenga na mwenye kughushi.

Nne, atumie moshi, asitumie moto. Imepokewa katika Abu Daud kwamba Mtume (s.a.w.) amekataza kuuawa nyuki, na kwamba kuadhibu kwa moto si kwa yeyote ila Mola wa moto. Basi yule atiaye mwenge katika mzinga, au katika pango la mti msituni Ngezi, amekusanya makatazo mawili kwa asali ya siku moja. Nyuki wa msituni hana mwenyewe, kwa hivyo nafaqa yake haimlazimu mtu. Lakini kumchoma hakukuwa halali kwa sababu hiyo.

KHATIMA

Imethubutu katika Bukhari na Muslim khabari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka: alimfungia, asimlishe, wala asimwache ajitafutie. Mwenye mzinga na ajipime kwa khabari hiyo kabla ya kupanda mtini na ndoo yake. Asali atakayoiacha ndani haikupotea. Ni nafaqa aliyoitoa kwa wakati wake, na maua yakirudi atawakuta nyuki nyumbani.

Wallahu aalam.